Herufi Isiyotamkwa

Daktari wa Tórshavn alichora duara kwenye karatasi,
akalijaza wino katikati, akasema: hili ndilo jicho lako.
Sikuliona lile doa. Niliona ukingo wa karatasi,
kidole chake cha mwisho, kifungo cha koti.
Ndivyo nilivyo sasa: dunia ina pindo, haina kitambaa.

Miaka thelathini na mmoja nilichambua barua, posta ya Klaksvík.
Nilisoma mwandiko wa mlevi, wa mtoto,
wa mjane aliyeandika "kwa mwanangu, melini"
bila jina la meli, na barua ikafika.
Leo ujumbe wa dada yangu uko kiganjani
na siwezi kuufikisha hata hapa, kwangu.

Mwaka wa mwisho wa feri, kabla ya handaki,
kijana Bárður alivuka na begi la nyaya,
akaweka programu mbili kwenye simu yangu ya vitufe.

Ya kwanza inakuza. "Bonyeza hapa, shangazi,"
na herufi A ikaja, ikajaza kioo chote
kama ng'ombe aliyeingia jikoni.
Niliitazama kwa pembeni, ndivyo nitazamavyo vyote,
nikaiona! Nikasogeza: mguu wa R. Goti la M.
Nilipofika mwisho wa neno, mwanzo wake ulishaniponyoka.
Kusoma hivi ni kuhesabu kondoo kupitia tundu la ufunguo.

Ya pili inasema.
Lakini inasema Kideni. Sisi wa Kifaroe tu wachache,
nani angetuketia studio?
Basi mwanamke wa Kopenhagen anaishi mfukoni mwangu,
anasoma lugha yetu kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake.
Ile ð, yenye kijiti shingoni,
sisi huiandika tu, hatuitamki;
hukaa ndani ya neno kama jamaa wa mbali matangani,
haombwi kusema.
Yeye anaitamka. Kila moja.
Ulimi mzito, kama ana kiazi cha moto mdomoni.
Viðareiði, kijiji alikoolewa dada yangu,
kilimtoka kama jina la dawa ya kikohozi.
Nilicheka hadi Bárður akanishika bega.

Usiku sikucheka.
Ujumbe wa dada ulisema mtu amefariki
na sikujua ni nani.
Mara saba nilimrudisha yule mwanamke kwenye jina lile.
Mara saba alimzika mtu nisiyemfahamu.

Asubuhi nilipiga simu. Alikuwa Eyðvør,
tuliyekalia naye dawati moja, tukatafuna penseli moja.

Ndipo nikaifungua ile orodha aliyonionyesha Bárður,
mahali pa kuifunza sauti:
andika neno lilivyo, kisha liandike linavyosikika.
Mimi, niliyekuwa nikiwafokea watu kwa nukta moja kukosekana,
niliketi mezani nikikosea kwa makusudi.
Jina la dada nililivunjavunja.
Viðareiði niliing'oa ð zake mbili kama miiba ya kidoleni.
Nikamsikiliza, nikafuta, nikakosea upya,
hadi kijiji kikatoka kinywani mwake kikiwa na nyumba zake,
na upepo wake, na kanisa.
Eyðvør pia nilimwandika. Hataniletea salamu tena, najua,
lakini asizikwe mara ya nane bila jina.

Hanus wa nyumba ya chini sikumgusa.
Ana ngazi yangu tangu Pasaka.
Kila anapoandika, mwanamke wa Kopenhagen humtafuna,
nami humwacha ammalize.

Kuna usiku nazima sauti,
nakuza ð moja hadi ijae kioo.
Naitazama kwa pembeni.
Hatusemi kitu.