Milima Hukutana

Mgeni, inua kikombe chako kidogo,
umekiweka juu ya mto wa barafu.
Haya. Sasa naona.

Mistari hii ya kahawia, wasema, ni mwinuko,
kutoka mmoja hadi mwingine mita ishirini.
Ikiachana, miguu inapumzika,
ikisongamana, roho inahamia mkononi.
Nimekuelewa. Hata dole gumba la baba lilikuwa hivyo,
siku waliyolichovya wino
akawatilia sahihi ng'ombe wetu kumi na mmoja
kwenda shamba la pamoja.

Waliochora walikuja mwaka nilioota meno ya utu uzima:
askari wawili, farasi mwenye chongo,
na Gennadi na darubini yake ya miguu mitatu.
Mama aliwapa jibini. Wao walitupa penseli.
Gennadi akanyoosha kidole: kile kilele chaitwaje?
Babu alikuwa anamkemea mbwa. “Topala!”
Gennadi akaandika.
Mbwa yule alikufa kwa sumu ya mbweha,
jina lake liko hapa, mita elfu tatu mia nne na kumi na mbili
juu ya bahari
ambayo mimi sijaiona.

Na herufi hizi nyeusi, ndogo kama chawa?
Soma.
“Magofu.”
Magofu! Ndipo unapokunywa chai, bwana.
Kweli, paa la zizi lilikuwa limelala majira yale,
na mnara wa mawe ulishapoteza meno,
lakini moshi ulikuwepo,
viazi vilikuwa jikoni,
na mimi nilikuwa dirishani
nikimtazama anavyochonga penseli.

Unataka kupiga hema hapa, kwenye kijani,
mistari ilipoachana kama watu waliokwisha kugombana.
Usipige.
Bimurza, kaka yangu, alilala hapo
mwezi wa pili, akimfuata fahali.
Huko juu mistari inasongamana, ndiyo,
theluji ndiko inakoanzia.
Lakini nayo huchoka, hutafuta tambarare ikae.
Tulimpata Mei. Fahali alirudi mwenyewe.

Kunja sasa. La, si hivyo,
mkunjo unapita kitandani pangu.
Hivi. Umeona? Topala amegusa paa letu.
Wasemao milima haikutani
hawajawahi kukunja ramani.

Mkate umo kwenye bei ya chumba.
Jibini ni mbali.