Barafu Haina Risiti

Juni ishirini na nane, saa nne usiku, Kabuhoro.
Nalimwaga boksi la viatu mezani:
risiti za luku, risiti za fundi friji,
vikaratasi vya Mwaloni vilivyolowa, vikakauka,
vikawa vigumu kama dagaa wa juzi.
Kimoja wino umefutika kabisa.
Nakiinua kwenye taa, nakigeuza.
Bei naikumbuka. Siku siikumbuki.

Mhoja, kijana wa steshenari, kanipangia kesho saa mbili.
"Mama, njoo na hesabu zilizokamilika,
mfumo hauna subira na mtu wa *nafikiri*."
Basi nafikiri usiku huu, nimalize.

Mauzo.
Januari ndoo mia nne, sato walikuwa wengi.
Februari, nusu yake.
Machi umeme ulikatika siku tatu mfululizo,
friza ikatoa machozi kutoka sebuleni hadi kizingitini,
Shija akashika dekio,
Holo akakinga kikombe, akanywa.
Hilo naliandika wapi?
Maji niliyonunua, nikayagandisha, yakarudi kuwa maji,
na mteja kasimama mlangoni na tenga lake la samaki
ananitazama kana kwamba nimemwibia.
Barafu haina risiti inapoondoka.

Uchakavu wa mali.
Friza zilikuwa mbili.
Mahakama ya Mwanzo ikasema moja yake, moja yangu,
nikaangukiwa na ile yenye mpira uliolegea.
Naifunga kwa kamba, juu naweka jiwe;
mawe Mwanza ni bure.
Thamani yake mwaka wa kwanza hii, wa pili ile,
inashuka kwa asilimia, kwa utaratibu, kwa adabu.
Nikacheka peke yangu.
Ningejua kuna safu ya kuandikia
namna kitu kinavyochakaa kidogo kidogo,
ningeifungua mwaka wa pili wa ndoa,
nisingengoja wa kumi na moja.

Alizotuma baba watoto:
Januari, elfu arobaini.
Aprili, elfu ishirini na tano, na ujumbe: *nitamalizia*.
Mhoja alishaniambia, matunzo ya watoto si mapato, usiyaweke.
Nimeyatoa.
Ukurasa haukubadilika sana.

Kisha nikatafuta mahali pa watoto.
Ukurasa wa kwanza, wa pili, nikarudi wa kwanza.
Fomu inauliza nyumba ya kupangisha, inauliza hisa,
inauliza riba ya benki.
Haiulizi ni nani wanakula hapa.
Shija, darasa la sita, pumu, dawa ya kuvuta kila mwezi.
Holo, viatu kila baada ya miezi minne,
karithi miguu ya babu yake.
Nimewaandika pembeni kwa penseli.
Kesho kabla ya kutoka nitafuta.

Na jina.
Namba yangu ya mlipakodi bado imeolewa:
NYANJIGE MASALU, kwa herufi kubwa.
Kuibadili wanataka hati ya talaka, yenye mhuri.
Nikaikuta chini kabisa ya boksi,
imelaliwa na risiti ya friza zote mbili,
ile ya siku tulipozinunua.
Tumesaini wote, mwandiko wake umeinama kulia
kama mtu anayekimbia mvua.
Hii haijafutika hata nukta.
Sijui walitumia wino gani.

Saa saba.
Jumla, toa umeme, toa maji, toa kibali, toa mpira wa friza
ambao kila mwezi nasema nitanunua,
hapana, huo nimeukata, sijanunua.
Kilichobaki kinaitwa faida.
Nakitazama. Sikijui.
Labda tuliwahi kupishana sokoni.

Holo kaamka, kiu.
Natua jiwe sakafuni, nafungua kamba,
navunja kipande kwa kitako cha kisu,
nakitumbukiza kikombeni, kinalia *tik*
kama kitu kinachotaka kusema bei.
Mia mbili.
Anakunywa na macho kafumba, anarudi kitandani
na kikombe mkononi.

Hicho nacho sikukiandika.