Safu ya Tatu

Kitabu cha atachimenti kina safu tatu:
tarehe, kazi uliyofanya, ulichojifunza.
Safu ya tatu ndiyo nyembamba kuliko zote,
kana kwamba aliyeipiga mistari alijua.

Wiki ya kwanza nilipanga viti.
Mia mbili, vya plastiki, vyeupe.
Kimoja mguu umevunjika; nikakificha nyuma ya nguzo ya hema
asije akakikalia mtu mzima.
Ulichojifunza: ushirikishwaji wa umma.

Miaka mitatu nilikuwa ghorofani, chuoni,
tukiigawa dola kama wachinjaji wa Burma,
huku paja la serikali, huku mbavu za bunge, huku mahakama,
na uti wa mgongo tukiuita katiba.
Daktari Mukhwana alipangusa ubao kwa kiganja
akasema, "Serikali ni karatasi. Ifuateni karatasi."
Tukacheka. Tulidhani ni mzaha
wa mtu anayedai mishahara miwili.

Nyumbani Kayole, baba huchomelea vyuma.
Akivua miwani yake ya giza, swali ni lile lile:
"Siasa nayo ina digrii?
Huyu diwani wetu yeye alisomea wapi?"
Na siku ya maonyesho ya ajira, mwanamke wa benki
aliusoma wasifu wangu hadi mstari wa pili,
akanirudishia pamoja na kalamu ya bure.
"Basi utagombea lini?"
Kalamu hiyo ndiyo ninayoandikia.

Wiki ya saba Bwana Gichohi alinifunza kumbukumbu za mkutano.
"Andika waliohudhuria. Andika waliounga mkono.
Maswali ni kelele, na kelele haina tahajia."
Ana mwandiko mzuri, Bwana Gichohi.
Ana chupa ya chai ya tangawizi
na hunimiminia mimi kabla ya kujimiminia.
Sisemi ni mtu mbaya.

Wiki ya tisa, ukumbi wa wadi, bajeti.
Mvua ilikuwa imekesha.
Nzilani, muuza viazi karai, alisimama, viatu mkononi,
matope hadi vifundoni:
"Huu mtaro mnaotuomba tuukubali leo
si ndio tulioukubali mwaka juzi?
Ule wa mwaka juzi ulienda wapi?"

Viti mia mbili vikanyamaza.
Mtu akaanza kugawa soda.

Nami nilijua. Karatasi ilikuwa mapajani mwangu,
ukurasa wa arobaini na moja, herufi za sisimizi:
mtaro, mita mia tatu na themanini, umekamilika, umelipwa.
Sikusimama. Niseme ukweli, sikusimama.
Mtihani wa mwaka wa pili ulisema Jadili uwajibikaji,
nikapata sabini na nne.

Ila usiku, chini ya Yatokanayo na kikao kilichopita,
niliandika jina lake lote, Nzilani Muthiani,
na swali lake, na alama ya kuuliza,
kisha namba ya ukurasa.
Namba tu.

Bwana Gichohi alisoma amesimama.
Akasoma tena ameketi.
Muhuri ulikuwa mezani kati yetu,
kidau wazi, wino ukianza kukauka.
"Alama zako za atachimenti natoa mimi," alisema, bila ukali,
kama mtu anayekukumbusha mwavuli.
Kisha akamimina chai. Kikombe changu kwanza.

Kesho Daktari anakuja kunikagua.
Kumbukumbu bado hazina muhuri,
na safu ya tatu, wiki ya tisa, ni tupu.
Nimeandika uwazi, nikafuta.
Nimeandika uongozi, nikafuta, karatasi ikatoboka.

Mvua imeanza tena.
Chumba cha pili namsikia baba akihema,
akiinua mashine yake ya kuchomelea aiweke juu ya meza
kabla maji hayajapita mlangoni.
"Kwamboka! Shika upande huu!"

Naenda. Nashika. Narudi miguu imelowa,
na kwa kalamu ya benki naandika:
mita mia tatu na themanini.

Yametosha. Safu si nyembamba hivyo.