Kutu Chini ya Sikio

Juma la nane. Theluji imeziba dirisha la maabara
hapa Białystok, na panya wangu kumi, weupe kama chumvi,
wamenenepa hadi mikia inaonekana mifupi.
Nimewalisha mafuta ya nguruwe mimi mwenyewe,
kijiko kwa kijiko, nikiandika uzito kwa penseli.
Mchovya asali hachovi mara moja;
mchovya shahamu husahau hata kufuta kidole.

Insulini inabisha hodi. Seli zimo ndani, taa zinawaka,
hakuna anayeitikia karibu.
Sukari imelala barazani.

Leo nimezitoa tezi za mate: ile ya kando ya sikio,
laini kama pamba iliyoloa,
na ile ya chini ya taya, jirani yake tangu kuzaliwa.
Nimezisaga juu ya barafu. Nimengoja rangi.

Ya taya bado inapigana. Katalasi imepanda,
vimeng'enya vimeamka kama mtaa mzima
unaozima moto kwa ndoo.
Ya sikio imechoka.
Kutu imeingia kwenye utando wa seli zake
polepole, kama unyevu ukutani,
na hakuna aliyepiga kelele.

Daktari Świętosława alisoma tarakimu, akasema, "Safi."
Safi! Nikaandika.

Nyumbani, ghorofa ya tatu, mama yangu Genowefa
anakata soseji kwa kisu cha marehemu baba,
anapaka shahamu mkate mweusi, anatafuna, anasita,
mkono unapapasa kutafuta glasi.
"Mkate wa siku hizi mkavu," anasema.
Mkate umetoka tanurini asubuhi hii.

Miaka arobaini alikuwa fundi cherehani.
Aliulowesha uzi kwa ulimi, ukapita tunduni mara moja.
Jana nilimwona akiuchovya kwenye chai.

Nina daftari mkobani. Nina grafu, nina mistari miwili,
mmoja unapanda, mmoja unaporomoka.
Naanza, "Mama," kisha najiona
nikimpima kwa penseli, gramu kwa gramu,
na neno linarudi lilikotoka.

Namsogezea maji. Ananisogezea sahani:
maandazi ya viazi yanayong'aa mafuta,
vitunguu vimekaangwa hadi kuwa rangi ya kahawia.
"Kula," anasema, "umekonda."
Na mate, bila haya hata kidogo,
yananijaa kinywani.