Kisanduku cha Halwa

Kila mwaka, tende zikishavunwa,
nilichoma makuti ya mitende nyuma ya ukuta,
moshi ukaingia kwenye kanga za Ghaniya,
tukanuniana mpaka Ijumaa.

Mwaka huu kaninyang'anya kiberiti.

Makuti kayakata vipande vya kidole,
kayaloweka katika pipa kando ya falaji,
akayachemsha, akayaponda, akayachuja
kwa shela lake kuukuu: uji wa kijivu
ambao nisingempa hata adui.
"Subiri," akasema, akaukandamiza
katika kalibu aliyochongewa na Sohel, fundi wa Kibengali,
ukatoka mraba, na mfuniko wake.

Cha kwanza kilivuja samli.
Cha pili kilipinda juani kama sikio la punda.
Cha tatu tulikipeleka Maskati,
kwa bwana mmoja mwenye kalamu tatu mfukoni.
Alikigonga. Alikinusa. Akauliza:
"Kitadumu miaka mingapi?"

Ghaniya akacheka, vibaya, mbele za watu:
"Na halwa kwako hudumu siku ngapi?"

Hakununua.

Tukarudi Ibra kimya njia nzima.
Kisanduku nilikisahau barazani.
Alfajiri nikamkuta mbuzi wa jirani
keshatafuna mfuniko na pembe moja,
anaikodolea iliyobaki.

Nikamwita mke wangu aje aone.
Wala hakumfukuza.
Alisimama, mikono kiunoni,
kama mwalimu anayesahihisha mtihani;
na nyuma yake, kwenye miiba ya mgunga,
mifuko ya plastiki ya mwaka juzi
ikipepea, mizima, haijazeeka hata siku moja.