Hodi Kumi na Moja

Saa nane usiku, Kutaisi. Mvua ya Februari
inapiga bati la baraza ya jirani,
nami bado niko na fomu ya bwawa la kuogelea:
jina, umri, simu, sababu ya kujiunga.
Visanduku vinne. Mtoto wa darasa la tatu angevimaliza
kabla chai haijapoa.

Fomu yenyewe ni nzima. Naijaza, nabonyeza,
inaondoka na vyote nilivyoipa; nimeuona mzigo kwa macho yangu
ukitoka kwenye kivinjari umebeba jina langu, Nestani,
herufi kwa herufi.
Lakini kule kwenye seva, mpokeaji
akiulizwa, "Nani huyo?"
anajibu neno moja:
haijafafanuliwa.

Si tupu, nisikilize.
Tupu ni kikombe kilichonywewa, ukikigeuza kinadondosha tone.
Wala si sifuri. Sifuri ni hesabu, mhasibu huiandika daftarini.
Hili ni jambo jingine: umeomba kikombe
kwenye nyumba ambayo haijajengwa,
na mwangwi umekujibu kwa adabu.

Nimetukana. Kwanza kivinjari, halafu mtandao,
halafu Vazha, aliyeuandika msimbo huu
akapanda Mestia kuteleza kwenye theluji, simu kaizima.
Nimechomeka mistari ya kuchungulia kila hatua,
chapisha hapa, chapisha pale,
kama anayetafuta panya kwa kuwasha taa za vyumba vyote.
Nimebadili jina la kisanduku. Nimelirudisha.
Nimeizima seva nikaiwasha,
dua ya fundi aliyeishiwa.

Ndipo nikafungua kumbukumbu za seva, na matusi yakakoma.
Jumatatu, hodi. Jumatatu tena, hodi.
Jumanne mara tatu, dakika mbilimbili kati yake.
Jumatano mara moja, halafu kimya cha siku nzima.
Ijumaa, tano.
Anwani ileile, mashine ileile kuukuu,
hodi kumi na moja, na zote zimejibiwa:
Hitilafu. Jaribu tena.
Akajaribu tena.
Kumbe huko nje kuna mtu
mtiifu kuliko programu yangu.

Nikausoma msimbo upya, polepole, kwa kidole,
kama bibi alivyosoma bili ya gesi.
Mstari wa kumi na nne: mpokeaji.
Mstari wa thelathini na moja: mfungua bahasha.

Ah.

Bahasha ilifika kila mara. Ilifika imefungwa,
ikakabidhiwa karani asiye na kisu wala ruhusa ya kuichana,
akaulizwa jina lililomo,
akasema kweli yake.
Mwenye kisu alikuwapo, mistari kumi na saba chini,
akingoja zamu isiyofika,
maana mashine husoma kutoka juu,
na ikishajibu imejibu.
Vazha, ndugu yangu, ulimwajiri mtu sahihi
ukamkalisha nyuma ya mlango wa kutokea.

Sikuandika hata neno jipya. Nilikata mstari mmoja,
nikaubandika juu ya mpokeaji. Basi.
Usiku mzima, na faili halikuongezeka wala kupungua;
kitu kilihama tu.

Ningelala. Sikulala.
Nilikaa na koti mabegani, nikiitazama skrini nyeusi
kama mwenyeji aliyechelewa kupika.
Mto Rioni umefurika, unasikika hadi dirishani.
Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi,
anwani ileile,
hodi ya kumi na mbili.

Jina: Jumber Kobalia.
Umri: sabini na moja.
Simu: sina, pigeni duka la mkate, mniulizie.
Sababu ya kujiunga, pale tulipoacha nafasi ya maneno mia mbili,
ameandika moja:

mto.