Sauti Isiyofika Sifuri

Łódź, Februari, saa nane usiku.
Bomba la joto linagonga ukutani kama mgeni asiye na haya.
Mchezo wangu una kurasa mia moja na nne:
msomaji anabofya neno, hadithi inageuka,
na kila mlango anaoufungua una sauti yake.
Ukurasa wa thelathini na moja ni kiwanda,
zamu ya mwisho, mitambo mia mbili ya kufuma,
mtande na mshindio vikigombana mpaka taa zizimwe.
Nimeandika: sauti ififie kwa sekunde nne.
Nne tu. Muda wa kuvaa koti.

Haififii.

Kwenye kivinjari kimoja inakatika papo hapo,
kama mtu aliyezibwa mdomo katikati ya jina.
Kwenye kingine haianzi mpaka uguse kioo:
ina maringo, yataka ipigiwe hodi.
Kwenye simu ya Wieńczysław ilipuuza amri zangu zote,
ikatii kitufe cha ubavuni peke yake.
Na nikihamia kichupo kingine kutafuta jibu
saa ya ndani inasinzia;
nikirudi naikuta sauti palepale nilipoiacha,
nusu ya ngazi, mguu mmoja hewani.

Nikafuta. Nikaandika upya.
Nikagundua kwamba msomaji mwenye haraka, akibofya mara mbili,
anaamsha amri mbili: moja inashusha, nyingine inapandisha,
vuta nikuvute juu ya kamba moja.
Hilo nililiweza: anayekuja amwondoe aliyetangulia.
Nikajipongeza kwa chai iliyopoa,
nikabofya, nikahesabu. Moja, mbili, tatu, nne.
Kimya.
Kimya kizuri, cha kukunjwa na kuwekwa kabatini.

Mama akaamka kunywa maji.
Halszka, miaka ishirini na sita kwenye ukumbi ule.
Masikio yake yalibaki huko;
siku hizi ukimwomba mkasi anakuletea mkate.
Hakuniuliza kitu. Aliweka kiganja juu ya spika
kama anayepima homa,
akasema: Bado inazunguka.
Nikamwambia imezimwa, Mama. Kwa nguvu, mara mbili.
Akatikisa kichwa.
Mtambo wa nne kutoka dirishani, akasema. Ule mbovu. Bado.

Nikafungua namba.

Nilikuwa nimeiambia sauti:
kila hatua, jipunguze sehemu ya kumi ya ulichobakiwa nacho,
na ukifika sifuri, simama.
Sikufikiri. Mla sehemu ya kilichobaki hamalizi sahani.
Ilikuwa inapungua, inapungua, haifiki,
imejilaza chini ya kurasa sabini na tatu zilizofuata:
chini ya harusi ya Kunegunda, chini ya barua ya deni,
chini ya theluji niliyoirekodi mwenyewe kwa viatu vya kaka yangu,
hata chini ya neno Mwisho,
ikila betri za watu kidogo kidogo.
Na wote tuliopimia kwa masikio tulisema imekwisha.

Dawa yake ni mstari mmoja.
Ikishuka chini ya moja kwa mia, ihesabu imefika. Izime.
Niliuandika. Sikuuhifadhi.
Mama alikuwa bado amesimama, kiganja palepale,
na vidole vya mkono wa pili vinafanya kitu hewani,
kidogo, cha haraka, bila yeye kuvitazama:
fundo la uzi uliokatika.
Likaisha, likaanza jingine.
Nikamwachia afunge.

Saa tisa na robo nikahifadhi.
Akaondoa mkono, akaupangusa kwenye kanzu ya kulalia
kana kwamba kuna mafuta.
Haya, akasema, akarudi kitandani,
akasahau bilauri yake juu ya spika,
imejaa mpaka ukingoni,
na maji yake hayana hata duara moja.